Namna ya kuipima lenzi inayogeuka rangi juani

Mteja mmoja alinirudishia miwani yake huku amekasirika, na haki ilikuwa yake. "Uliniambia lenzi hizi zinageuka nyeusi juani," akasema, "mbona nikiendesha gari jua linanipiga machoni kama sijavaa kitu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 4 katika kazi ya kusaga lenzi na kuzitia kwenye fremu. Nilijua kupima umbali kati ya mboni na mboni, nilijua kuipangia lenzi mahali pake hadi nusu milimita, lakini kuhusu lenzi za fotokromia, yaani hizi zinazogeuka rangi kwa mwanga, nilijua yale tu yaliyoandikwa kwenye bahasha yake. Nikambadilishia lenzi bila malipo. Baada ya wiki mbili akarudi na lalamiko lilelile.

Ndipo nikaanza kuzipima mwenyewe, jioni, baada ya kufunga kazi. Sasa nina miaka 17 katika kazi hii, na hakuna aina mpya ya lenzi ninayomwekea mtu kabla sijaipitisha kwenye vipimo hivi. Havihitaji maabara. Vinahitaji subira na daftari.

Kinachotokea ndani ya lenzi

Usirukie vipimo kabla ya kuelewa hili, maana ndilo litakalokuonyesha matokeo yako yanasema nini.

Lenzi ya plastiki ya aina hii ina rangi iliyowekwa kwenye tabaka jembamba upande wa mbele. Rangi hizo ni molekuli za jamii kadhaa, kama vile naftopirani na spiroksazini. Nitaeleza kwa kutumia ndugu yao wa zamani, spiropirani, kwa sababu yeye ni rahisi kumchora. Molekuli yake ina nusu mbili zilizosimama kwa kukingamana, zimeshikamana kwenye atomi moja ya kaboni. Mwanga wa urujuanimno (UV) ukiipiga, kifungo kati ya kaboni hiyo na atomi ya oksijeni hukatika. Pete iliyokuwa imefungwa inafunguka, nusu moja inazunguka, na molekuli nzima inalala bapa kama mkeka uliokunjuliwa.

Ilipokuwa imekunjwa, elektroni zake zilikuwa zimefungiwa kila kundi katika nusu yake, na molekuli ilimeza urujuanimno peke yake. Urujuanimno hatuuoni, kwa hiyo lenzi ilionekana nyeupe kama maji. Ikishalala bapa, elektroni zinatembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na sasa molekuli inameza mwanga tunaouona. Spiropirani hapo hugeuka zambarau au samawati. Hakuna kilichoongezwa wala kilichoondolewa. Atomi ni zilezile, idadi ni ileile. Mpangilio tu ndio umebadilika. Miaka yote hii jambo hilo bado linanigusa kila ninapoona lenzi ikianza kufifia mkononi mwangu.

Na kurudi je? Kurudi hakuhitaji mwanga. Joto la kawaida la mazingira linaitikisa molekuli mpaka inajifunga tena. Kwa hiyo lenzi iliyo juani ina molekuli zinazofunguka na nyingine zinazojifunga kwa wakati mmoja, na weusi unaouona ni pale pande hizo mbili zinapolingana nguvu. Mwanga unafungua, joto linafunga. Shika maneno hayo manne. Karibu kila lalamiko nililowahi kuletewa lina jibu lake humo.

Vifaa

Tafuta tochi ya urujuanimno iliyoandikwa nanomita 365. Zile za nanomita 395 au 405, zenye mwanga wa urujuani unaoonekana wazi, nazo hufanya kazi kwa rangi nyingi, ila ya 365 ndiyo inayokupa majibu safi. Ongeza kipimajoto, mabakuli mawili, mifuko myembamba ya plastiki isiyo na rangi, karatasi ya aluminiamu, karatasi nyeupe, penseli laini, na simu ya kuhesabia muda. Chumba kiwe na taa ya kawaida ya LED, kwa sababu taa hizo karibu hazitoi urujuanimno kabisa, hivyo unaweza kuitazama lenzi bila kuichochea.

Tochi hiyo usiielekeze machoni, yako wala ya mwenzako, na usiimulike kwenye kioo cha kujitazamia au chuma kinachong'aa. Hatari yake ni kwamba jicho haliioni vizuri, kwa hiyo mboni haisinyai kujikinga kama inavyofanya mbele ya taa kali. Mimi huvaa miwani ya kinga ya urujuanimno kila ninapoiwasha, hata kwa sekunde 10.

Sasa chora ngazi ya weusi. Chukua ukanda wa karatasi nyeupe, gawa visanduku 10, kisha vijaze kwa penseli kuanzia cha 1 kilichobaki cheupe hadi cha 10 kilicho cheusi kabisa. Fanya pole pole, ulinganishe kila kisanduku na jirani yake. Ukanda huu ndio kipimo chako: lenzi inalazwa juu ya karatasi nyeupe kando ya ngazi, nawe unaandika namba ya kisanduku kinachofanana nayo. Usichore mwingine katikati ya vipimo. Wangu nimeutumia tangu mwanzo, nao umefunikwa na gundi ya karatasi ili mkono usiufute.

Kipimo cha kwanza: je, ni fotokromia kweli?

Funika nusu ya lenzi kwa karatasi ya aluminiamu, ilaze upande wa mbele, ule uliobinuka, ukitazama juu, kisha imulike kwa dakika 1. Upande huo una maana kubwa. Plastiki ya lenzi nyingi yenyewe inameza urujuanimno, kwa hiyo ukimulika kutoka nyuma mwanga unaliwa kabla ya kuifikia rangi, nawe utasema lenzi ni mbovu ilhali uliigeuza vibaya. Nimewahi kurudisha pakiti nzima ya lenzi kwa kosa hilo, nikalazimika kuomba radhi.

Zima tochi, ondoa aluminiamu. Kama nusu iliyomulikwa ina rangi na nusu iliyofunikwa haina, umepata jibu. Kama kitu kiling'aa tochi ilipowaka kisha kikazimika papo hapo ilipozimwa, hicho ni kitu kinachorudisha mwanga tu, umbo la molekuli zake halikubadilika likabaki hivyo. Na kama una shaka kwamba ni rangi ya kugeuka kwa joto, ifunge kwenye viganja vyako kwenye giza kwa dakika 2. Ikibadilika humo, mwanga hauhusiki.

Kipimo cha pili: muda wa kuiva na muda wa kufifia

Weka lenzi chini ya tochi, umbali wa sentimita 10, na uandike namba ya ngazi kila baada ya sekunde 10. Utaona weusi unapanda haraka mwanzoni, kisha unasita, kisha unasimama. Pale uliposimama ndipo pande mbili zimelingana. Kuendelea kumulika hakuongezi kitu.

Halafu zima tochi uhesabu kurudi. Hapa usingoje mpaka lenzi iwe nyeupe kabisa, maana sehemu ya mwisho inachosha na jicho haliwezi kuiamua. Tafuta muda wa nusu: kama lenzi ilifika 8 na ikiwa nyeupe ni 2, andika muda iliochukua kufika 5. Kisha andika muda wa kutoka 5 hadi 3 na nusu. Kama molekuli zote zingekuwa katika hali moja, vipindi hivyo viwili vingelingana. Mara nyingi cha pili kinakuwa kirefu zaidi. Sababu ni kwamba plastiki haina nafasi sawa kila mahali. Molekuli iliyokaa mahali palegevu inajikunja kwa urahisi, iliyobanwa inachelewa. Ndiyo maana watengenezaji huhangaikia sana ulaini wa lile tabaka linalobeba rangi: likiwa gumu mno rangi inasongwa, likiwa laini mno lenzi inachubuka kwa kitambaa.

Kipimo cha tatu: joto

Kama una muda wa kipimo kimoja tu, fanya hiki.

Jaza bakuli moja maji yenye barafu, uyaache mpaka kipimajoto kisome karibu nyuzi 5. Bakuli la pili liwe na maji ya nyuzi 40, si zaidi. Usitumie maji yanayochemka, wala usiiweke lenzi kwenye friza: tabaka za juu ya lenzi na plastiki yenyewe havitanuki kwa kiasi kimoja, na zitapasuka mipasuko midogo kama utando wa buibui ambayo haitibiki. Tia lenzi kwenye mfuko mwembamba, ukamue hewa, izamishe kwa dakika 5 ili ishike joto la maji. Kisha imulike ikiwa humo humo majini, dakika 3. Plastiki ya mfuko na maji vinapitisha urujuanimno wa nanomita 365 bila shida.

Lenzi niliyoipima wiki hii ilifika ngazi ya 9 kwenye maji ya barafu, na baada ya tochi kuzimwa ilikaa zaidi ya dakika 10 bado haijafika nusu. Kwenye maji ya nyuzi 40, lenzi ileile, tochi ileile, umbali uleule, haikupita ngazi ya 5, na nusu yake ya kurudi haikufika dakika 1. Nilipowaonyesha vijana ninaowafundisha kazi, mmoja alidhani nimebadilisha lenzi kisirisiri. Nikamwachia aifanye mwenyewe, mara tatu.

Kwa hiyo lenzi inakuwa nyeusi zaidi asubuhi ya baridi yenye jua kuliko mchana wa joto kali, ingawa jua la mchana ndilo linaloumiza. Mtu akilalamika kwamba miwani yake "imepungua nguvu" msimu wa joto, usikimbilie kuitupa. Muulize kwanza alikuwa wapi na hali ya hewa ilikuwaje. Na mtu anayetoka kwenye baridi kuingia ndani mwambie kabisa kwamba atakaa na miwani meusi kwa dakika kadhaa, asije akajikwaa kwenye ngazi.

Kipimo cha nne: vioo

Hiki ndicho kilichomjibu yule mteja wangu. Weka lenzi juani bila kizuizi, andika ngazi. Iache irudi. Iweke tena juani lakini nyuma ya kioo cha kawaida cha dirisha, andika. Kisha iweke nyuma ya kioo cha mbele cha gari.

Kioo cha dirisha kitapunguza, si kuzuia kabisa. Kioo cha mbele cha gari ni habari nyingine: ni vioo viwili vilivyobandikwa kwa utando wa plastiki katikati, na utando huo, pamoja na kazi yake ya kuzuia vipande visiruke ajali ikitokea, unameza karibu urujuanimno wote. Mwanga unaoumiza macho unapita, mwanga unaofungua molekuli unabaki nje. Zipo lenzi zilizotengenezwa ziitikie pia kiasi cha mwanga unaoonekana, nazo hupata weusi kidogo ndani ya gari, lakini zipime kabla ya kuamini. Mteja wangu nilimtengenezea miwani ya pili yenye rangi isiyobadilika kwa ajili ya barabara ya mchana, na ile ya kwanza akabaki nayo kwa matembezi. Hakurudi tena na lalamiko hilo.

Lenzi za kioo

Ukiletewa lenzi nzito ya zamani inayogeuka kijivu, huenda ni ya kioo, na ndani yake hakuna molekuli za kukunjuka. Kuna fuwele za halidi za fedha, yaani fedha iliyoungana na vitu kama klorini au bromini, ndogo mno, na chembe ya shaba. Walioifikia njia hii ni William Armistead na Donald Stookey wa kampuni ya Corning, Marekani, miaka ya 1960. Mwanga unaihamisha elektroni kutoka kwenye shaba kwenda kwenye fedha, fedha inajikusanya kuwa vidoa vya madini visivyoonekana kimoja kimoja, na vidoa hivyo vinameza mwanga. Gizani fedha inairudishia shaba elektroni yake. Filamu ya picha za zamani ilitumia fedha vilevile, lakini humo kilichotenganishwa na fedha kilipata njia ya kuondoka, ndiyo maana picha ilibaki. Ndani ya kioo hakuna pa kwenda, kwa hiyo kila kitu kinarudi mahali pake, mara maelfu, bila kuchoka.

Utaitambua kwa jambo moja zaidi: fuwele zimo katika unene wote wa kioo. Lenzi ya mtu asiyeona mbali ni nyembamba katikati na nene pembeni, kwa hiyo itakuwa nyeusi zaidi kwenye kingo. Lenzi ya plastiki yenye tabaka la mbele haifanyi hivyo.

Ukitaka kutengeneza ukanda wako wa rangi

Unga wa fotokromia unauzwa ukiwa umefungwa ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Vaa barakoa unapoupima. Mimi hutia gramu 5 za unga kwenye gramu 100 za akriliki ya maji isiyo na rangi, nakoroga kwa mkono taratibu. Usiusage wala usitumie mashine ya kasi, utapasua vifuko. Paka kwanza karatasi au ubao rangi nyeupe, uiache ikauke, ndipo upake mchanganyiko wako juu, mikono miwili au mitatu myembamba.

Nilikosea mara mbili hapa. Mara ya kwanza nilichanganya unga moja kwa moja na rangi nyeupe ili nifupishe kazi. Rangi nyeupe hupata weupe wake kutokana na titani dioksidi, na titani dioksidi inameza urujuanimno. Ikiwa chini, inasaidia rangi ionekane. Ikiwa imechanganywa, inainyima chakula. Mara ya pili nilipaka vanishi ya kukinga jua juu ya kazi iliyokwisha, kwa nia njema kabisa, ya kuitunza. Niliitoa nje asubuhi, ikakaa nyeupe siku nzima. Vanishi ilifanya kazi yake sawasawa: iliukinga ukanda na jua.

Zile zisizorudi peke yake

Si kila kitu kinafungwa na joto. Zipo molekuli zinazoitwa diariletheni, ambazo Masahiro Irie wa Japani alizitangaza mwaka 1988, na zenyewe hukaa na rangi gizani mpaka mwanga unaoonekana uzirudishe. Ukipata kitu usichokijua, kimulike, kifunge kwenye aluminiamu usiku kucha, ukifungue asubuhi. Kama rangi ipo vilevile, kiweke chini ya taa kali ya kijani au nyeupe isiyo na urujuanimno na utazame. Ikianza kufifia hapo, umepata ya jamii hiyo.

Azobenzini nayo ni ya kuitazama. Mwaka 1937 G. S. Hartley alionyesha kwamba mwanga unaigeuza kutoka molekuli iliyonyooka kuwa iliyopinda, na urefu wake unapungua kutoka nanomita 0.9 hadi 0.55 hivi. Zikipangwa nyingi kwa mwelekeo mmoja kwenye utando, utando wenyewe unajikunja ukimulikwa. Na jicho linalotazama yote haya lina retinali, molekuli iliyopinda ambayo mwanga huinyoosha. Bila mgeuko huo hatungeona kitu. Nafikiri jambo hilo mara nyingi ninapomjaribisha mtu miwani mipya, kwamba mwanga unabadilisha maumbo pande zote mbili za lenzi.

Kipimo cha mwisho: uchovu

Hiki kinachukua miezi, kwa hiyo kianzishe mapema. Kila molekuli inapofunguka kuna nafasi ndogo kwamba haitarudi salama. Oksijeni iliyochochewa na mwanga ndiyo adui mkubwa. Inaivunja molekuli ikabaki kitu kingine, mara nyingi chenye umanjano. Watengenezaji hutia dawa za kuipunguza kasi hiyo, lakini haiishi.

Chukua lenzi au ukanda, funika nusu kwa aluminiamu iliyobandikwa vizuri, andika tarehe pembeni, uweke nje panapopata jua. Mara moja kwa mwezi uingize ndani, uufunue, uupumzishe gizani saa 1, kisha umulike wote kwa dakika 3 kwenye joto lilelile la chumba. Linganisha nusu mbili kwenye ngazi. Andika pia rangi ya nusu iliyokaa juani kabla hujaimulika, maana umanjano huonekana hapo kwanza, kabla weusi haujapungua.

Leo asubuhi nimefunua ukanda wangu uliotimiza miezi 11 nje. Nusu iliyofunikwa imefika 8. Nusu iliyokaa juani imeishia 5, na hata kabla ya tochi ilikuwa na umanjano mwepesi, kama karatasi iliyosahauliwa dirishani. Nimeandika, nimebandika aluminiamu upya, nimeurudisha nje.